Usibadilishe anwani za kurasa ovyo

Mteja mmoja aliniomba nisafishe anwani za duka lake: ?id=37 iwe /viatu-vya-ngozi. Nikabadilisha zote usiku mmoja. Wiki chache baadaye, wageni kutoka Google walikuwa wamepungua vibaya. Kosa ni langu.

Google wenyewe husema maneno yaliyo ndani ya anwani yana uzito mdogo sana. Viungo kutoka tovuti nyingine ndivyo vilivyokuwa vikimbeba yule mteja, navyo sasa vilielekea kwenye kurasa zilizokufa.

Tim Berners-Lee alishaonya mwaka 1998: anwani nzuri haibadiliki. Basi chagua anwani fupi, yenye maneno na vistari, tangu siku ya kwanza. Ukilazimika kuhama, weka 301 kutoka kila anwani ya zamani hadi mpya yake.

Wenzangu mwaonaje?