Vijana wenye usonji Kigoma wafundishwe usaili, na wasaili nao wafundishwe

"Tueleze kwa ufupi kuhusu wewe." Ndivyo usaili mwingi unavyoanza, Kasulu, Kibondo na kwingineko mkoani Kigoma, na wasaili huliuliza swali hilo ili kumtuliza msailiwa. Kwa kijana mwenye usonji laweza kuwa gumu kuliko yote yatakayofuata. Aanzie wapi? Mahali alipozaliwa? Alama zake za kidato cha nne? Na huo ufupi ni dakika ngapi? Wakati bado anapanga jibu, mvua inapiga mabati, simu ya mjumbe mmoja inaita, mlango unafunguliwa na kufungwa. Anainamisha uso, anasuguasugua vidole, ananyamaza. Jopo linaandika kwamba hajiamini. Kazi anapewa mwingine, na hakuna aliyepata kujua kama yule wa kwanza angeiweza.

Usonji ni tofauti ya namna ubongo unavyokua. Humfanya mtu awasiliane kwa njia yake, ashike sana utaratibu aliouzoea, na mara nyingi asumbuliwe na kelele au mwanga ambao wengine hata hawautambui. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 2,470,967 mkoani Kigoma. Kwa kiwango hicho cha dunia, mkoa ungekuwa na watu zaidi ya 19,000 wa namna hii. Ni makisio tu, lakini yanatosha kuuliza: wako wapi? Wengi wako nyumbani, wameitwa wakaidi, mabubu au waliorogwa, na waliobahatika kumaliza shule wamekwama hapo kwenye swali la kwanza la usaili.

Marekani wamelifanyia kazi tatizo hili kwa kompyuta. Mtafiti Matthew Smith na wenzake waliijaribu programu ya mazoezi ambamo msailiwa anakaa mbele ya skrini na kusailiwa na Molly Porter, meneja wa kubuni aliyeigizwa na mtu halisi mbele ya kamera. Anauliza, kijana anachagua jibu na kulitamka, naye Molly anapendezwa au anakunja uso kulingana na alichoambiwa. Kuna Molly mpole na kuna Molly mkali. Mazoezi yakiisha, kijana anapewa alama na kuonyeshwa jibu lipi lilimsaidia na lipi lilimharibia, kisha anarudia, kesho tena, mpaka achoke mwenyewe.

Mwaka 2014 programu hiyo ilijaribiwa kwa watu wazima 26 wenye usonji, na waliofanya mazoezi walijibu vizuri zaidi kuliko wasiofanya. Baadaye ikaandikwa upya kwa ajili ya vijana wanaokaribia kumaliza shule. Jaribio la vijana 71, lililochapishwa mwaka 2021, lilionyesha kwamba waliofanya mazoezi hayo juu ya mafunzo yao ya kawaida ya kazi walijibu vizuri zaidi, hofu yao ilipungua, na wengi zaidi walipata kazi ndani ya miezi 6.

Siri yake haiko kwenye kompyuta. Msaili wa kwenye skrini hachoki kuulizwa, hacheki, wala hamsimulii mtu yeyote kwamba mtoto wa fulani alikaa kimya mbele ya watu. Kijana mwenye usonji hutulia anapojua kitakachotokea. Mpe swali lilelile mara 20 na hofu inapungua kwa sababu jambo limeshazoeleka. Katika usaili wa kweli hukosea mara moja tu, na hakuna anayemwambia amekosea wapi.

Programu hiyo haiwezi kuletwa Kigoma jinsi ilivyo. Inazungumza Kiingereza, na inamwandaa mtu kwa mazingira ya kazi ya Marekani, ambako kumtazama msaili usoni ni dalili ya kujiamini. Huku salamu ya heshima ni kuinama kidogo na kupiga makofi taratibu, na kijana aliyelelewa vizuri hamkazii macho mtu mzima. Inashangaza basi kuona baadhi ya majopo yetu yakimpunguzia alama msailiwa kwa kutotazama watu usoni, kana kwamba kipimo hicho kilizaliwa hapa. Kijana mwenye usonji wa Kasulu anaumia mara mbili: kwa maumbile yake na kwa malezi yake mema.

Kinachotakiwa ni mazoezi ya Kiswahili, yenye maswali ya huku. Mwombaji wa kazi ya kutunza stoo aulizwe afanye nini hesabu ya magunia isipolingana na daftari. Mwombaji wa shirika linalohudumia wakimbizi kwenye kambi ya Nyarugusu aulizwe atamhudumiaje mtu aliyekuja na hasira. Vifaa si ndoto. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, na mwaka huohuo umeme wa gridi ya taifa ulifika Kasulu na Kibondo. Mwalimu anaweza kurekodi maswali kwa video, akaacha nafasi ya jibu, kijana akajirekodi, kisha wakaitazama pamoja. Haitakuwa na ufundi wa Molly, lakini jambo lenyewe litakuwepo: kurudia bila aibu na kuambiwa ukweli kwa upole.

Kasulu ina pa kuanzia. Kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi na kuna Chuo cha Ualimu. Kuna pia shule ya Kabanga, inayojulikana nchini kwa kuwapokea watoto wenye ualbino, wasioona na viziwi. Wilaya iliyoweza kubeba jukumu hilo katika miaka ya hofu kubwa ya mauaji ya watu wenye ualbino haiwezi kudai kwamba usonji umeishinda kabla ya kujaribu.

Wapo watakaosema hizi ni anasa. Ajira zenyewe ziko wapi? Kibondo ni maharage, mahindi, muhogo na asali, na hata mashirika ya wakimbizi yalipunguza wafanyakazi misaada ya Marekani ilipokatwa mwaka 2025. Hoja hiyo ni nzito, ila inasahau kwamba nafasi zinapopungua ndipo usaili unapokuwa mkali zaidi. Inasahau pia kwamba kujieleza hakuhitajiki kwa mwajiri peke yake. Halmashauri hukopesha asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, na katika hizo asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Anayetaka mkopo wa mizinga ya nyuki naye ataulizwa maswali na maofisa, na akinyamaza atarudi mikono mitupu.

Sheria nayo iko upande wa vijana hawa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unadai marekebisho yanayofaa mahali pa kazi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwahimiza waombaji wenye ulemavu kueleza ulemavu wao kwenye mfumo wa maombi. Lakini kijana akishaeleza kwamba ana usonji, jopo hubadilisha nini? Mtumiaji wa kiti cha magurudumu, wengi wanajua kwamba anahitaji njia bapa. Kwa mwenye usonji, wengi hawajui waanzie wapi, ingawa mahitaji yake ni ya bei rahisi: maswali apewe kwa maandishi, chumba kiwe na utulivu, wasaili wawe wawili badala ya watano, na maswali ya mafumbo yaachwe. Ukimuuliza anajiona wapi baada ya miaka 5, anaweza kukujibu kwa ukweli mtupu kwamba hajui, na ukweli huo usihesabiwe kuwa kosa.

Wapo waajiri waliokwenda mbele zaidi. Kampuni ya Specialisterne, iliyoanzishwa Denmark mwaka 2004 na Thorkil Sonne, baba wa mtoto mwenye usonji, iliamua kuwapima waombaji kwa kazi badala ya maneno, na mojawapo ya majaribio yake lilikuwa kuunda roboti za Lego. Jambo hilo linawezekana kabisa kwenye ghala la kahawa au duka la pembejeo. Mpe mwombaji daftari na magunia kwa siku mbili, kisha amua. Mwajiri atajua mengi kuliko anayopata kwa dakika 15 za mahojiano.

Mazoezi ya usaili yasiwe kisingizio cha kumgeuza kijana awe mwigizaji wa utu wa wengine. Yamsaidie kuvuka mlango ambao haukutengenezwa kwa ajili yake, huku wenye mlango nao wakiupanua. Lawama ya kwanza iwaendee waajiri, maana wao ndio wenye mamlaka.

Halmashauri za Kasulu na Kibondo ziweke fungu dogo kwenye bajeti ijayo: maofisa ustawi wa jamii wawatafute vijana hawa majumbani, walimu wachache wafundishwe kuendesha mazoezi, na kila ofisi inayosaili ipewe siku moja ya mafunzo kuhusu usonji. Mashirika yanayoajiri Kasulu na Kibondo yajitolee wasaili wao waje kurekodi maswali. Na mzazi ambaye kijana wake amemaliza shule na kukaa kimya ndani, aende ofisi ya ustawi wa jamii aandikishe jina lake, ili siku mpango huo ukianza pasiwepo wa kusema kwamba vijana wenyewe hawapo.