Mbwa Wangu Hapigwi

Wiki iliyopita mzee mmoja wa mtaa wetu hapa Nyarugusu alisimama mbele ya nyumba yangu akaniambia: "Dada, hii mbwa yako utaiharibu. Mbwa ni fimbo." Nilimpa kiti, maana ni mzee. Lakini jibu langu nalileta hapa, kwa sababu maneno hayo si yake peke yake.

Mbwa wangu anaitwa Watasema. Nilipomchukua akiwa mdogo, mimi pia nilianza na fimbo, kama tulivyozoea kwetu Fizi. Alitoroka kwenda jalalani, nikamwita, akaja, nikamchapa. Siku ya pili nikamwita, akaja nusu njia. Siku ya tatu hakuja kabisa. Mimi nilidhani namchapa kwa kutoroka, kumbe yeye alijua amechapwa kwa kuja! Mbwa hana kesi ya jana. Anaunganisha kinachompata sasa hivi na anachofanya sasa hivi, basi.

Nikabadilisha. Akiitwa akaja, papo hapo anapata kipande cha ukoko wa ugali, kidogo kama punje ya haragwe. Akinirukia sipigi kelele. Nampa mgongo, nanyamaza mpaka miguu yote minne iko chini, ndipo nampa. Akishika kandambili nasema "hapana" mara moja tu, naichukua, nampa mfupa autafune. Ni kurudia tu, dakika chache kila siku, na nyumba nzima kutumia neno lilelile. Kwangu hilo la neno moja ndilo lilikuwa gumu, watoto kila mmoja alikuwa na amri yake.

Najua swali linalokuja: mgao umepunguzwa, watoto hawashibi, eti wewe unampa mbwa zawadi? Sasa huyo mbwa siku zote anakula nini? Mabaki. Mabaki ni yaleyale, ila mimi namlipa kidogo kidogo kwa kazi, simmwagii yote mara moja. Kinachohitajika zaidi ni subira, na hiyo ndiyo watu hawataki kuitoa.

Kule Morogoro, nchi hii hii inayotuhifadhi, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya akipatia, anasikia mlio mdogo, kisha anapewa chakula. Mmoja wao, Magawa, alifichua mabomu Kambodia, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika moja la Uingereza. Panya, jamani! Nani alimchapa?

Na ninyi wa mashirika msicheke, jambo hili ni lenu pia. Siku mkileta chanjo ya kichaa cha mbwa, nani atawashikia mbwa ambaye akiona tu mkono umeinuliwa anakimbilia porini? Tena mbwa anayechapwa kwa kunguruma haachi hasira, anaacha kunguruma tu. Siku moja anauma bila taarifa, na anayekuwa karibu mara nyingi ni mtoto.

Mbwa wa mzee yule amefungwa kwa waya tangu mvua zianze. Jioni mzee anamtupia chakula akiwa amesimama mbali.