Mtafiti kijana anahitaji mlezi, na mlezi naye ahesabiwe

Wadau, mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha utafiti uliowatikisa wakubwa wa sayansi kule Marekani. Watafiti weusi walioomba fedha za NIH, yaani taasisi za taifa za afya, walikuwa nyuma ya wazungu kwa pointi 10 za asilimia katika kuzipata. Na hapo walishalinganishwa kwa elimu, mafunzo na makala walizochapisha!

Mwaka 2014 NIH ikafadhili mtandao wa kuwaunganisha watafiti chipukizi na walezi wa kitaaluma. Jambo jema. Kuomba fedha kuna ujanja usioandikwa kitabuni: swali lipi lina uzito, bajeti ipangweje, ukikataliwa unajibuje. Anayekuonyesha hayo ni aliyekwishapita njia hiyo.

Lakini jamani, mlezi naye anapata nini? Profesa mweusi hufuatwa na vijana wengi, maana maprofesa wa aina yake ni wachache. Saa anazotumia kusoma rasimu zao ni saa ambazo haandiki makala zake, na cheo kinaangalia makala. Anayewavuta wenzake ndiye anayechelewa.

Kisha mwaka 2025 NIH ikasitisha ruzuku nyingi za kukuza watafiti kutoka jamii zenye uwakilishi mdogo. Ndiyo maana nasema ulezi usitegemee fedha za mradi peke yake. Vyuo viuhesabu wakati wa kupandisha watu vyeo, kama vinavyohesabu makala. Hilo linaamuliwa na chuo chenyewe, halimsubiri mfadhili. Mnaonaje?