Amortisere tutengeneze ku nyumba, lakini resori tuiogope

Siku ya yenga asubuhi, pita mu kartye zetu za Kolwezi: hautapita lupango nyingi mbele ya kukuta motoka juu ya kiriki, pine imetolewa, na mwenzetu aliyetoka ku timu ya usiku ameinama na ufunguo mu mukono. Ukimuuliza, atakujibu: «Amortisere inalia.»

Hatumucheke. Sisi wa sutretansi, bisi ya kampuni haitubebe. Tunajipanga watu watano mu Toyota moja ya okazyo, kila mutu anatoa feza ya esanse, tunaenda. Mashimo ya njia yanamaliza amortisere mbele ya wakati. Motoka ikilala, watu watano wanakosa kazi, na mishahara mitano inakatwa. Feza ya mukono wa fundi nayo ni unga wa nyumba. Kusema «peleka ku garaji, basi» ni maneno ya mutu mwenye bisi.

Na kweli, kelele nyingi mutu anaweza kuzimaliza mu lupango yake. Asikilize kwanza. Ikigonga-gonga ku mashimo madogo, mara nyingi si amortisere, ni kale kachuma kanakoiunganisha na bare stabilizatrisi. Kashike, katikise, kakicheza, badilisha kenyewe tu, bei yake ni ndogo. Ikilia wakati unazungusha usukani na motoka imesimama, tazama rulema ya juu. Finya kona ya motoka kwa nguvu, achilia: ikiruka mara mbili tatu, ao mafuta yameteremka ku amortisere, imekufa. Nunua mbili, ya kushoto na ya kuume. Wale wanaotoboa amortisere, kutia mafuta mazito na kuziba kwa moto, wanakuuzia kelele ya mwezi ujao. Zingine ziko na gazi iliyobanwa ndani. Moto na gazi, munajua wenyewe.

Lakini kuna resori. Chini ya kapo, ku motoka nyingi, utaona ekru tatu pembeni na moja katikati. Za pembeni zinaachilia amortisere yote itoke. Ya katikati ndiyo inafunga resori, na resori ile, hata pine ikining'inia, imebanwa kwa nguvu kubwa sana. Ukiifungua mbele ya kuibana, chuma cha juu kinaruka ku uso. Mwenzetu mumoja, shofele wa lori ku karieri, alifunga resori yake na waya. Leo yuko na jicho moja.

Ku kazi, mutu yule alikuwa anakataa kugusa mashini mbele ya kuitia kadenasi na kutoa presyo. Ku nyumba hakuna kadenasi, hakuna mukubwa wa usalama, na ajali ya mu lupango haihesabiwe ajali ya kazi. Jicho lilipotea juu ya safari ya ku kazi, lakini hakuna aliyemulipia hata bandeji.

Tuliomba kampuni ituachie chombo cha kubana resori kilicho mu garaji yake, siku ya posho mangaribi tu. Jibu: vyombo ni vya kampuni. Haya. Sasa tunawaambia wanachama: kila timu inunue jozi moja ya vyuma vya kubana resori, ikae kwa mutu mumoja anayeandika jina la mwenye kukopa. Tukichanga, haipite bei ya chupa mbili za bia kwa kila mutu. Kuna ndugu wanaosema sendika ni ya kudai mishahara, si ya kukopesha vyombo. Hatukubaliane nao: anayepoteza mukono siku ya yenga, siku ya kwanza atadai mushahara gani?

Mu mukutano wa mwisho wa mwezi tutaleta neno hili. Mwenzetu wa jicho moja amesema atakuja kuonyesha yeye mwenyewe: vyuma viwili, kimoja kinaangaliana na kingine, unakaza huku kidogo, kule kidogo, na uso wako mbali na ncha ya resori.