Asilimia Peke Yake Haitoshi: Shaba Inayopotea Tanurini

Baadhi ya mabamba ya shaba yanayofika katika bandari ya Dar es Salaam kutoka Zambia na Kongo huwa yameacha nyuma, huko yalikoyeyushwa, vilima vya mavi ya shaba. Neno hilo lisimchukize msomaji. Wafua chuma walikuwa nalo kabla yetu sisi wa vyuoni, nalo lina maana kamili: ni ile taka nyeusi inayoelea juu ya madini yaliyoyeyuka, kisha ikamwagwa. Kilima mashuhuri kiko Lubumbashi, ambako uyeyushaji ulianza mwaka 1911. Ndani yake zilibaki shaba, kobalti na zinki, hata mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaonekana yafaa kujenga kiwanda cha kuiyeyusha upya taka hiyo.

Shaba hupotea kwa njia mbili. Sehemu moja huyeyukia ndani ya taka yenyewe, kama chumvi ndani ya maji, na hiyo hairudi kwa kungojwa. Sehemu ya pili ni matone madogo ya salfidi ya shaba na chuma yaliyonaswa kabla ya kufika chini. Joto la tanuri hukaribia nyuzi 1,200 za Selsiasi au kuzidi, lakini kanuni ni ileile ya mtungi wa maji ya tope ulioachwa utulie usiku kucha. Stokes, mwanafizikia wa karne ya 19, alionyesha kwamba mwendo wa tone linalozama hufuata kipeo cha pili cha kipenyo chake. Kwa hiyo tone la sehemu ya kumi ya milimita huzama polepole mara 100 kuliko tone la milimita moja. Tena taka ikiwa nzito kama uji, hata tone kubwa hukawia. Aghalabu kinachoifanya nzito ni magnetaiti, oksidi ya chuma inayoongezeka oksijeni inapopulizwa kupita kiasi. Makaa kidogo huinyang'anya oksijeni hiyo, na taka ikawa nyepesi. Huko Mufulira, Zambia, tanuri lililoanza kazi mwaka 2006 humimina vyote katika tanuri jingine la umeme, ili vitulie na kutengana.

Mpaka hapo wataalamu hatugombani. Ugomvi wangu ni juu ya namna tunavyohesabu mafanikio.

Miaka kadhaa iliyopita nilizuru kiwanda kimoja. Msimamizi alinionyesha ubaoni, kwa fahari, kwamba shaba iliyomo katika taka imeshuka kutoka asilimia 1.0 hadi 0.8. Nikamwuliza taka yenyewe ni tani ngapi. Hakuna aliyekuwa ameipima. Kilichokuwa kimefanyika ni kuongeza mchanga wa silika. Silika kweli husaidia taka kutengana na salfidi, lakini ina kikomo. Ikizidi, huongeza taka tu na kuifanya nzito zaidi. Tuchukue mfano wa darasani: tani 100 za taka yenye asilimia 1.0 hupoteza tani 1 ya shaba. Taka ikifika tani 130 yenye asilimia 0.8, kinachopotea ni tani 1.04. Asilimia imeshuka, hasara imepanda, na ubaoni watu wanapongezana!

Nami nisijisifu. Katika tasnifu niliyoiandika ng'ambo, majedwali yote ni ya asilimia. Wala mwalimu wangu hakunisahihisha.

Sidai kwamba kila chembe ifuatwe. Umeme una gharama, na tanuri linalotulizwa mno hupunguza kazi ya siku. Iko shaba ambayo ni afadhali kuiacha. Lakini uamuzi huo hauwezi kufanywa na mtu asiyejua uzito wa anachotupa. Ndiyo maana ningependa walimu wa kemia waanze na mizania ya maada, yaani kilichoingia tanurini kilingane na kilichotoka, kabla ya kuandika mlinganyo wowote ubaoni.

Wanafunzi na wajaribu hesabu hii. Kiwanda hutoa tani 200,000 za shaba kwa mwaka, pamoja na tani 440,000 za taka. Kila sehemu ya kumi ya asilimia inayopunguzwa katika taka hiyo huokoa tani 440 za shaba. Je, taka ikiongezeka kwa tani ngapi, faida yote itakuwa imeliwa, ikiwa asilimia ilikuwa 1.0 nayo imeshuka hadi 0.9?