Masomo ya biashara yasiwe ya watoto wa matajiri peke yao

Katika familia nyingi za wahami, mtoto akimaliza sekondari na kusema anataka kusomea biashara chuo kikuu, wazee hushangaa. Biashara nayo inasomewa? Mama anauza makala na unga tangu asubuhi, na hakuna profesa aliyemfundisha. Afadhali mtoto asomee udaktari ao sheria.

Wazee wana haki ya kuuliza, lakini jibu lipo. Mama huyo anajua kuuza. Hakupewa nafasi ya kujifunza kusoma mkataba wa mkopo, kuandika hesabu ambazo benki itazikubali, na kujua nani anapanga bei. Coltan inatoka Masisi, lakini wanaoandika mikataba yake wako mbali. Watoto wa Masisi wasipojifunza kazi hiyo, watabaki kubeba mifuko.

Hata hivyo, kujua hesabu peke yake hakutoshi. Mtu mwerevu asiye na dhamiri anawanyonya wenzake vizuri zaidi. Ndiyo sababu inafaa kutazama Chuo Kikuu cha Loyola cha Chicago, Marekani, kilichoanzishwa na mapadri Wajesuiti mwaka 1870. Pale, mwanafunzi wa biashara anajifunza uhasibu, fedha na masoko, lakini pia lazima apite katika filozofia, teolojia na maadili. Wengine watasema huo ni upotevu wa wakati. Sivyo. Anayejifunza kutafuta faida ajifunze pia kuuliza faida hiyo imetoka jashoni mwa nani.

Lakini kuna kizuizi: bei. Minerval pale inazidi dola 40,000 kwa mwaka. Chuo kinachofundisha haki kwa watoto wa wenye pesa tu kinafanya nusu ya kazi.

Mwaka 2015 chuo hicho kilifungua mlango mwingine, Arrupe College, kwa vijana wa familia zenye kipato kidogo. Masomo ni ya miaka miwili, biashara ikiwemo, na lengo ni kijana amalize bila deni ao na deni dogo, kisha aendelee katika chuo cha miaka minne. Jina hilo si geni kwa wahami: Padri Pedro Arrupe ndiye aliyeanzisha mwaka 1980 shirika la JRS, ambalo limesaidia wahami wa Goma na Masisi. Na katika mtaa wa Rogers Park, penye kampasi kubwa ya Loyola, wanaishi Wakongomani waliopokelewa kama wakimbizi.

Vyuo vya Goma, Bukavu na Kinshasa haviwezi kuiga majengo ya Chicago, wala si lazima. Vinaweza kuiga mambo mawili: kutia maadili katika kila darasa la biashara, na kuwafungulia mlango wasio na kitu. Minerval ilipwe kidogo kidogo. Masomo yapangwe saa ambazo kijana anayetafuta chakula cha familia anaweza kufika. Aliyepoteza diploma yake akikimbia vita apewe mtihani, asifukuzwe getini.

Na wazazi nao wasimkataze mtoto anayetaka kusomea biashara. Wamuulize jambo moja tu: akishajua, atamfanyia kazi nani?