Ujira wa Tingatinga na Nyumba Inayoutegemea



Iko kazi moja hapa Pwani ambayo kijana akiipata mtaa mzima husikia. Ni kazi ya kuendesha mitambo mizito katika machimbo ya wazi, yaani yale ambayo ardhi hufunuliwa kutoka juu na kuchukuliwa kilichomo, bila ya watu kuingia chini kwa chini. Akishapanda juu ya tingatinga au ekskaveta, watu humhesabia mshahara ambao hawajauona, na mwenye duka huwakopesha watu wa nyumba yake bila ya kuuliza watalipa lini. Makusudio yetu wiki hii ni kuufungua ujira huo kipande kwa kipande, ili walio nyumbani wajue wanachokula kimetoka wapi, na kitakwisha lini.

Mfano tunao karibu. Kule Kwale, mchanga wenye titaniamu ulichimbwa tangu mwaka 2013 hadi Disemba 2024. Matingatinga yaliusukuma mchanga mchana na usiku hadi kwenye chombo cha kuuchanganya na maji, ukapita mabombani mpaka kiwandani, na huko yakatengwa madini yaliyosafirishwa kwa meli kutoka Likoni. Baadaye ikaongezwa njia ya kuuporomosha mchanga kwa maji yenye nguvu, na sehemu ya kazi iliyokuwa ya tingatinga ikafanywa na maji. Mwishowe mchanga wenye faida ukamalizika, na uchimbaji ukasita katika mwezi ambao kila mzazi anahesabu karo ya Januari.

Mgodi si shamba la minazi, kwamba ukiangua leo utaangua tena baada ya miezi. Kila kijiko kinachoinuliwa kimepunguza siku za kazi yenyewe. Basi mshahara wa mgodini una umri, na mwenye kuutumia kana kwamba hauna umri hujenga nyumba yake juu ya mchanga unaochukuliwa kila siku.

Tuingie katika hesabu. Mwajiriwa ana haki, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kupewa hati ya malipo inayoeleza alicholipwa na alichokatwa, na sababu ya kila makato. Hati hiyo, ambayo vijana huiita peslipu, ina mafungu matatu: mshahara wa msingi, marupurupu kama ya nyumba, na malipo ya saa za ziada. Fungu hilo la tatu ndilo linalowavutia watu, na ndilo linaloponyoka kwanza.

Natoa mfano wa hesabu tu. Simsemi mtu wala kampuni. Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 45,000 kwa mwezi, na posho ya nyumba ni 7,000. Kwa kanuni ya jumla ya mishahara, wiki ya kawaida ya kazi ni saa 52, na saa moja hupatikana kwa kugawa mshahara wa msingi kwa 225. Hapo saa ya mtu wetu ni shilingi 200. Akizidisha saa katika siku za kawaida hulipwa mara moja na nusu, yaani 300. Akifanya kazi siku ya mapumziko au sikukuu hulipwa mara mbili, yaani 400. Akifanya saa 40 za ziada na saa 20 za siku za mapumziko, ataongeza 12,000 na 8,000. Jumla yake ni 72,000, na hiyo ndiyo namba inayotembea mtaani.

Lakini haiji nyumbani yote. Kwa viwango vya mwaka 2025, bima ya afya ya jamii huchukua asilimia 2.75, ambayo ni 1,980. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5, ambayo ni 1,080. NSSF huchukua 4,320, na kodi ya mapato inakaribia 11,800. Kinachobaki ni kama 53,000. Sasa tuseme mwezi unaofuata mvua zimenyesha, au mtambo umeharibika, au kazi imepungua na saa za ziada zimefutwa. Mtu yule yule, kwa msingi ule ule na posho ile ile, ataleta nyumbani kama shilingi 40,000. Hajafukuzwa, hajaugua, wala hajakosa siku moja kazini, lakini nyumba imepungukiwa na zaidi ya 12,000.

Hapo ndipo ugomvi mwingi wa nyumba huzaliwa. Mke huona mkono umefungwa, naye hajui sababu. Mume huona anatuhumiwa, naye hana namna ya kueleza jambo ambalo hakulieleza tangu mwanzo. Mafakihi wameshurutisha kwamba ujira ujulikane kabla ya kazi kuanza, kwa kuwa ujira usiojulikana ni mlango wa dhulma na magomvi. Ikiwa hivyo ndivyo baina ya mwajiri na mwajiriwa, seuze baina ya watu wawili wanaolea watoto pamoja! Nafaka ni juu ya mume kwa kadiri ya uwezo wake, na uwezo usiojulikana haupimiki. Enyi kina baba, isomeni hati ya malipo pamoja na wake zenu. Na enyi kina mama, mkishaisoma, isiwe ndiyo fimbo ya kumpigia mtu.

Nasema hivyo kwa sababu saa za ziada hutoka mwilini. Mwendesha tingatinga huketi kutwa juu ya kiti kinachomtikisa uti wa mgongo, ndani ya vumbi na kishindo, na zamu ya usiku humnyima usingizi ambao mchana haumrudishii sawasawa. Mwenye usingizi juu ya mtambo wa tani kadhaa ni hatari kwa nafsi yake na kwa aliye chini. Mke anayemhimiza mumewe kuongeza zamu kwa ajili ya kabati jipya anafaa kujua bei kamili ya kabati hilo. Na ajali ikitokea, ijulishwe kazini mara moja na iandikwe. Sheria ya fidia ya majeraha ya kazini, maarufu WIBA, imemlazimu mwajiri kuwakatia bima wafanyakazi wake.

Haya ni ya kampuni kubwa zenye ofisi na hati. Lakini wako vijana wetu wengi katika machimbo madogo ya kokoto na mawe ya matumbawe, ambako mwenye mtambo huukodisha kwa saa na mwendeshaji hulipwa kwa siku, mkononi, bila ya karatasi. Mtambo ukilala, naye amelala na njaa. Huyo naye ajue kwamba kibarua aliyefanya kazi kwa siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja, sheria humtazama kama mwajiriwa wa mwezi. Na mkataba wa miezi mitatu au zaidi hupaswa kuandikwa. Asiyepewa karatasi na aandike mwenyewe katika daftari: tarehe, saa alizofanya, fedha alizopokea, na aliyempa. Siku ya mzozo, daftari husema pale mdomo unapokanushwa. Na waajiri walio miongoni mwetu, ambao husali nasi safu moja, hadithi ya jasho la mfanyakazi wameisoma tangu madrasa. Sina haja ya kuwakumbusha maneno yake.

Tumalizie na siku ya mwisho, maana ndiyo isiyopangiwa. Kazi ikimalizika kwa kupunguzwa wafanyakazi, sheria inataka ilani ya mwezi mmoja, malipo ya likizo ambayo hayakuchukuliwa, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Mtu wetu wa 45,000, akiwa amekaa miaka 10, siku zake ni 150, na kwa shilingi 1,500 kwa siku atapata 225,000. Mwajiri mwema au chama cha wafanyakazi chenye nguvu huweza kupatana zaidi ya hapo, lakini hicho ndicho kiwango cha chini cha sheria. Shilingi 225,000 zikishikwa mkononi huonekana nyingi. Kwa hakika ni mishahara mitano ya msingi kwa miaka kumi ya ujana. Wako wanaozimaliza kwa gari kuukuu, na wako wanaozimaliza kwa kulipa mikopo ya riba waliyochukua kwa kutegemea mshahara uliokuwa na saa za ziada.

Ushauri wangu kwa kila nyumba inayokula ujira wa mtambo ni huu. Kodi, karo na chakula zipangwe kwa mshahara wa msingi na posho ya nyumba, kana kwamba saa za ziada hazipo. Zinapokuja, zigawanywe mafungu mawili: moja la dharura, lisiloguswa mpaka nyumba iwe na akiba ya miezi sita, la pili la kitu kitakachobaki mgodi ukiondoka, kiwe kiwanja chenye hati, mbuzi, cherehani ya mama, au elimu ya mtoto. Na kijana mwenyewe atafute cheti chake akiwa bado kazini. Chuo cha KIHBT hufundisha uendeshaji wa mitambo, na leseni yenye daraja la mitambo humwezesha kuhamia kazi za barabara na bandari, ambazo hazifungamani na mchanga wa mahali pamoja. Ustadi usio na karatasi huishia kwenye lango la mgodi uliofungwa.

Usiku wa leo, mwenye mume, mwana au ndugu katika kazi hii na amwombe kwa adabu hati ya malipo ya mwezi uliopita. Waketi nayo, watie mstari chini ya mshahara wa msingi, kisha waulizane: tungeishi kwa huu peke yake? Jibu likiwa ni hapana, wajue kwamba wana kazi ya kufanya, na heri waianze mtambo ungali unanguruma.

Wabillahi tawfiq.